Dada wa Runx Nyeupe

Mume wangu si mtu wa maneno. Ukimpakulia ugali atakula, atasema ahsante, atanawa. Ukimwuliza kazini kulikuwaje atasema kulikuwa kama kawaida. Anafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Tunduma, anashinda akibishana na madereva wa malori kuhusu makaratasi yao, na mimi nilikuwa nikimtetea mbele ya dada zangu kwamba maneno yanamwishia hukohuko mpakani. Niliamini hivyo miaka yote ya ndoa yetu mpaka tuliponunua gari.

Gari lenyewe ni Runx ya rangi ya fedha, iliyokuja imetumika kutoka Japani. Kwa watu wengine hilo ni gari la kupelekea watoto shule. Kwetu lilikuwa gari la kwanza kwenye ukoo, upande wake na upande wangu. Siku lilipofika nyumbani kwetu, mtaa wa Chapwa, mama yangu alipanda basi kutoka Hasamba na kuku wawili ili aje kulikalia tu, akaketi kiti cha mbele na kitenge kipya, akakataa kushuka mpaka chai ilipoiva. Nilifurahi jamani. Sikujua kwamba nimemkaribisha mtu mwingine ndani ya nyumba yangu.

Jumapili baada ya ibada, wenye magari wa mtaani kwetu hukusanyika pale wanapooshea magari. Wanasema wamepeleka gari kuoshwa, lakini gari likishang'aa wanabaki hapo na soda zao mpaka jua linaanza kuzama. Boneti zinafunguliwa, wanainama, wananyanyuka, wanafuta mikono. Yupi ana injini gani. Toleo lipi lilibadilishwa shoo ya mbele na taa, na lipi ni lilelile la zamani ila limepakwa rangi. Shokapu gani zinavumilia barabara za huku. Wana desturi yao pia: hakuna anayenunua kifaa kabla ya kumwuliza mwenye gari la aina ileile. Fundi watamsikiliza, watamwitikia, kisha watampigia simu mwenzao kuhakikisha kama fundi kasema kweli.

Hapo ndipo mume wangu alipompata.

Tulikuwa mezani. "Kuna dada mmoja ana Runx nyeupe," mume wangu akasema.

Niliacha kumenya chungwa. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mtu ambaye mimi humvuta neno mpaka jasho linitoke, kafungua mdomo mwenyewe.

"Anasema redio hizi za Japani zinaishia tisini, ndiyo maana hatupati stesheni. Kuna kidude cha bendi kinafungwa nyuma ya redio. Ukishakifunga unapata zote."

"Aha," nikasema. "Na huyo dada anafanya kazi gani, fundi redio?"

Hakuisikia pilipili yangu. Akanieleza kwa furaha kwamba ni mnunuzi wa ufuta, anashuka bonde la Momba mpaka Ndalambo kununua kwa wakulima na kwa wale wafugaji waliohamia huko, na kwa ajili ya barabara hiyo ameliinua gari lake kwa kuweka spesa juu ya shokapu. Eti ukisimama kando yake unaona kabisa limepanda. Kama ameolewa hakusema, na mimi sikuuliza. Niliamua mwenyewe kwamba hajaolewa.

Baada ya hapo alikuwa hakosi mezani kwetu. Dada anasema mafuta ya injini tumekuwa tukiweka mazito. Dada anasema mlio wa mbele si shokapu, ni bushi, zile raba za kwenye miguu ya gari. Dada anasema kamera ya nyuma ni ya nini kwa gari dogo, geuza shingo. Lakini lililonichoma kuliko yote ni la viti. Mimi nauza vitenge na vitambaa sokoni, na tangu gari lilipofika nilimwambia nimshonee kava za kitambaa. Akasema hapana, anataka za ngozi nyeusi, kitambaa ni ushamba. Nikavikunja vitambaa vyangu. Jumapili moja akarudi amechangamka.

"Unajua, dada anasema kitambaa ndiyo bora. Ngozi kule bondeni jua likiwaka inaunguza mapaja."

"Mimi nilisema nini?"

"Ulisema lini?"

Nikamshonea. Nilishona kava zote tano na kila mshono nilikuwa nauvuta kwa hasira, na zilipokamilika akazipiga picha akamtumia. Sikumbuki kama mimi nilishukuriwa. Nadhani nilishukuriwa. Lakini picha ilitumwa kwanza.

Kisha zikaja simu. Mume wangu alianza kutoka uani kuongea, kwa madai kwamba ndani mtandao unakatika. Mimi nilikuwa naongea na mama yangu Hasamba humohumo ndani bila kukatika, lakini sawa. Nilisimama jikoni, dirisha wazi, nikichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Acha! Hata mimi! Ikifika gia ya tatu? Hee! Halafu inapotea? Hiyohiyo!" Na kicheko. Kicheko kile nilikisikia mara ya mwisho tukiwa wachumba. Niliukamata ungo nikautikisa mpaka mchele ukamwagika. Nina wivu, ndiyo, sijawahi kuficha. Kwetu wanawake tumezaliwa watano na mimi ndiye ambaye wenzangu walikuwa wakinificha nguo zao mpya.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika tulipanda kwenda Hasamba kumsaidia mama, watoto nyuma na ndoo zao. Kabla ya Vwawa kuna kilima, malori yanakipanda yakihema. Tukiwa katikati ya kilima gari likaanza kutetemeka, likakosa nguvu, likazima. Nyuma yetu kulikuwa na lori lililobeba shaba linapiga honi. Gari likarudi nyuma kidogo, likasimama. Mume wangu akawasha, likakataa, akawasha tena, likashika kwa kutetemeka, likapanda polepole.

"Ni nini?" nikamwuliza.

"Si kitu."

Nikaegemeza kichwa dirishani nikafumba macho. Hivyohivyo tukafika uwanjani kwa mama. Pale mume wangu akashuka akapotelea kwenye mibuni, mimi nikadhani ameenda kujisaidia.

Tuliporudi Tunduma gari likaendelea kuugua. Alinipa habari akiwa anavaa viatu. "Inamisi, yaani inakosakosa moto. Dada anasema dalili zote ni koili, kile kinachopeleka moto kwenye plagi. Ziko nne, moja ikifa gari inatetemeka ikipanda. Atakuja Jumamosi. Tutabadilishana koili tuone."

Nikaomba anieleze. Akanieleza kwa kifupi, mguu mmoja uko nje ya mlango. Ndiyo tabia yao, wenye magari ya aina moja: kabla mtu hajanunua kifaa kipya, mwenzake analeta gari lake zima, kifaa kizima kinahamishiwa kwenye gari bovu. Likipona, ugonjwa umejulikana. Lisipopona, hakuna aliyepoteza kitu.

Akaondoka. Mimi nikabaki na lile neno. Tutabadilishana. Nilienda nalo sokoni, nikapima nalo vitambaa, nikamkatia mteja kipande kifupi akanirudishia. Kufikia mchana nilikuwa nimeamua. Jumamosi hiyo asingebadilishana kitu na mtu, kwa sababu koili mpya ingekuwa ipo, imenunuliwa na mkewe.

Ijumaa nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kule navuka mara nyingi kwa biashara, najua maneno ya kutosha ya Kibemba kusalimia na kupunguziwa. Nikaingia duka la vipuri, muuzaji, kijana mnene, akanikaribisha, "Mwaiseni, mayo."

"Nataka koili ya plagi, ya Runx. Moja."

"Ya Sauzi nangu ya Japani, mayo?"

Nilimsikia vizuri. Ya Sauzi au ya Japani. Lakini mtu akiwa na hasira hataki kuulizwa maswali, na mimi niliona ananitania kwa kuwa ni mwanamke, ananijaribu kama najua. "Runx ni Runx," nikamwambia. "Wewe nipe iliyo nzuri."

Akainua mabega, akanipa. Kiboksi safi, kitu chenyewe cheusi kinang'aa. Nilirudi nyumbani nimekikumbatia ndani ya mkoba, natembea katikati ya malori na wabadilisha fedha nikiwa na furaha ambayo sijaipata hata siku ya kipaimara ya mtoto wangu. Kichwani nilishamwona mume wangu akifungua kile kiboksi. Nilishamsikia akimpigia yule dada: usihangaike, mke wangu kaleta.

Jumamosi asubuhi nikasuka nywele, nikavaa gauni la kwendea harusi za watu. Runx nyeupe ikaingia uani, na kweli imepanda juu, matope ya Momba hadi kwenye vioo. Akashuka mwanamke wa umri wangu, mfupi, kandambili miguuni, suruali ya kazi, uso umeungua na jua. Nilikuwa nimemwandaa kichwani mwangu mwanamke mwingine kabisa. Huyu alinikosesha hata pa kuanzia.

"Wifi, habari za nyumbani," akasema, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Wifi! Tangu lini mume wangu ana dada mwenye Runx? Nikamwitikia kwa meno.

Wakayaweka magari pua kwa pua, boneti zote mbili juu. Kabla hawajashika kitu nikatoka na kiboksi changu. "Hamna haja ya kubadilishana," nikasema. "Nimenunua."

Mume wangu alikipokea kwa mshangao mzuri, ule niliousubiri. Akakifungua. Na kisha, badala ya kukigeuza mwenyewe, akampa yule dada akiangalie.

Yeye akaenda kwenye gari lake, akachomoa koili moja, akaiweka juu ya bampa kando ya yangu. Zilifanana. Soketi ileile, rangi ileile. Lakini yangu ilikuwa ndefu kidogo, kiasi cha ukucha.

"Hii ni ya zile zilizotengenezewa Sauzi," akasema taratibu. "Injini yake ni nyingine. Kule ng'ambo wanazo sana, ndiyo maana duka limejaa za kwao. Ulienda na sampuli, wifi?"

Sikuwa nimeenda na sampuli. Mtu yeyote mwenye gari Tunduma anajua, ukivuka kununua kifaa unabeba kile kibovu mkononi, unakipambanisha dukani mbele ya muuzaji. Mimi mwenyewe mteja akija kutafuta kitenge cha kufanana na cha mwenzake namwambia arudi na kipande. Lakini sampuli yangu ilikuwa ndani ya gari, na kuichomoa ingebidi niombe, na mimi sikutaka kuomba. Nilitaka kushinda.

Laiti mume wangu angenigombeza. Hakugombeza. Alizichukua zote mbili, akazipima, akazigeuza, macho yanamng'aa. "Kumbe! Dada, tazama hapa, zinafanana kabisa!"

"Si ndiyo? Na ukiilazimisha haizami, inabaki imening'inia."

"Na hizi pini?"

"Pini ni moja. Ndiyo maana watu wanaliwa."

Vichwa vyao viliinama juu ya kosa langu, na kosa langu likawapa mazungumzo ya nusu saa. Nilisimama pale na gauni langu. Sijawahi kumchukia mtu kwa nguvu kama nilivyomchukia mwanamke yule, na hakuwa amenikosea hata neno.

Wakazichomoa koili zetu moja moja injini ikiwa inaunguruma, mpaka wakaipata ambayo ukiichomoa hakibadiliki kitu. Hiyo ndiyo iliyokufa. Wakaweka ya kwake. Gari likatulia.

"Twende tukalijaribu kwenye kilima," mume wangu akasema.

"Na mimi naenda," nikasema.

Yule dada akanifungulia mlango wa mbele. "Kaa mbele wifi."

"Kaa tu. Wewe ndiye daktari." Nikapanda nyuma, juu ya kava nilizozishona mwenyewe, na kiboksi changu mapajani. Nyuma ndipo nilipotaka. Nyuma mtu anaona mikono yote miwili ya kila mmoja.

Tulipita Mpemba. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: jina la utani, mkono uliosahaulika juu ya gia, ukimya wa watu wenye siri. Nikaambulia bushi. Waliongea bushi, wakaongea plagi za ncha nyembamba, wakaongea kama ni kweli toleo la mwisho linakula mafuta kidogo kuliko la kwanza. Mume wangu aliongea sentensi ndefu zenye mwanzo na mwisho. Alikuwa na maoni. Alikuwa mcheshi! Nilimsikiliza nikidhani nimepanda gari la mtu mwingine.

Kilima kikaanza. Gari likapanda safi, bila kutetemeka.

"Siku ile ilizima sehemu gani?" yule dada akauliza.

"Hapahapa. Pale penye ule mtaro." Akapunguza mwendo. "Dada, siku ile niliogopa. Lori liko nyuma, watoto wako nyuma, mama yao huyu kando. Nimekanyaga breki lakini gari linarudi nyuma tu. Nikasema leo ndiyo naua watu wangu wote kwa mpigo."

"Pole sana, kaka. Mimi ilishanikuta nikishuka Momba. Nililia njia nzima."

"Mimi nililia nilipofika. Niliingia kwenye mibuni ya mama mkwe, nikakaa chini huko, nikalia mpaka nikamaliza."

Aliyasema kirahisi, mikono juu ya usukani, huku mimi nimekaa nyuma yake. Hakuona kama kuna mtu anaambiwa kitu kwa mara ya kwanza.

Ningewakuta wameshikana mikono ningejua la kufanya. Kwetu mwanamke anajua la kufanya: unaita mashemeji, unaita mchungaji, unafunga mizigo, unarudi kwenu na watoto, watu wanakaa kikao. Lakini ningeitisha kikao niseme nini? Kwamba mume wangu kamwambia mwanamke mwingine kwamba alilia? Ningechekwa mpaka Mlowo. Na ilikuwa inaniuma mahali ambapo kushikana mikono kusingefika.

Tulirudi. Yule dada akatuachia koili yake, akasema ataipitia akirudi kutoka Ndalambo, sisi tununue yetu taratibu. Na ile ya Sauzi akaomba aende nayo, kuna mchungaji mmoja upande wa pili wa mpaka ana gari la Sauzi, ataibadilisha kwake kwa kitu kingine. Gari lake likaondoka linamisi kwa niaba yetu. Niliangalia matope yake yakipotea kona nikatamani aniudhi kidogo tu, hata mara moja, nipate pa kumshika.

Mume wangu alikuwa uani ananawa grisi kwa sabuni ya unga. Nikachukua jagi nikamwagia maji mikononi.

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Nini?"

"Kwamba uliogopa."

Aliendelea kusugua kucha. Nilidhani atasema si kitu, na nilikuwa tayari kumwaga jagi zima kichwani kwake.

"Gari liliposhika tu ulikuwa umelala," akasema. "Nilikuangalia mara moja, nikaona umeegemea dirisha, umetulia. Nikasema angalau huyu hajajua. Nikikwambia naogopa, ungemwegemea nani?"

"Sikuwa nimelala."

Akanyanyua kichwa.

"Nilifumba macho nisilione lile lori kwenye kioo cha pembeni," nikasema. "Mkojo ulinitoka. Nilimwambia mama nimemwagikiwa na maji ya watoto, nikabadilisha kitenge."

Akaacha kusugua kucha. Hakucheka. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote jambo hilo, hata dada zangu, na nilipolisikia likitoka mdomoni niliona aibu ikinipanda shingoni. Kisha akaanza kuniuliza. Ni wakati gani hasa, kabla gari halijarudi nyuma au baada? Niliisikia ile honi? Watoto walijua? Yalikuwa maswali ya namna ile ya yule dada kule kilimani, na mimi nikayajibu moja baada ya jingine, nikasimama uani naongea mpaka jagi likaisha maji.

Tunaongea zaidi sasa. Si sana, lakini zaidi. Na huyo mwanamke namkaribisha, anakula kwangu akipita na magunia yake, namwita wifi na mimi. Wivu haujaniisha. Kila nikimpakulia namtazama anavyokula bila wasiwasi, na kila mara nakumbuka kwamba mume wangu alipokuwa na machozi ya kumpa mtu, alimpa yeye kwanza.